Mstari mweusi wa kadi ufungwe

Kwa miaka kadhaa sasa benki za ukanda wetu zimekuwa zikiwabadilishia wateja kadi. Zile za zamani, zilizotegemea mstari mweusi wa sumaku peke yake, zimekuwa zikirudishwa, na badala yake mteja hupewa kadi yenye chipu, kile kipande kidogo cha rangi ya dhahabu au fedha kilicho upande wa mbele. Nchini Kenya, chama cha mabenki kiliwawekea wanachama wake mwaka 2014 kuwa lengo la mabadiliko hayo. Hatua hiyo inastahili pongezi.

Hata hivyo, geuza kadi yako uitazame mgongoni. Katika kadi nyingi mstari mweusi ungalipo. Na maadamu upo na unafanya kazi, mwizi hana haja ya kuhangaika na chipu. Mlango wa mbele umetiwa kufuli mpya, lakini wa nyuma umeegeshwa tu.

Jambo hili linawahusu watu wote wenye akaunti, lakini linawagusa zaidi wasomaji wetu wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu zetu waliorejea nyumbani kutoka Uganda, Tanzania, Ubelgiji, Kanada au Marekani, ambao baadhi ya akaunti zao zimebaki huko. Wa pili ni wafanyabiashara wanaovuka Rusumo, Gatuna, Rusizi na Gisenyi kwenda kununua mali au kuuza. Hawa wote hutumia kadi iliyotolewa nchi moja kuchukulia fedha nchi nyingine. Hapo ndipo mwizi wa kadi anapopenda kufanyia kazi yake.

Ni kweli kwamba wengi wa mpakani bado wanategemea pesa taslimu na simu ya mkononi. Lakini anayekwenda Kampala, Dar es Salaam au Mombasa kuleta shehena hapendi kusafiri na bunda la noti kiunoni. Tena yapo mambo yasiyotarajiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, benki za Goma zilipofunga milango kwa sababu ya vita, wakazi wengi wa mji huo walivuka hadi Gisenyi kutafuta fedha. Siku kama hizo kadi inayokubalika ng'ambo ya mpaka si anasa, ni chakula cha watoto.

Inafaa tueleze tofauti ya vitu hivi viwili. Mstari wa sumaku ni kama ukanda wa kaseti. Umeandikwa namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelezo mengine machache, na maelezo hayo hayabadiliki siku zote. Mtu akiipitisha kadi yako mara moja tu katika kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, amekwisha kunakili yote. Anayaandika kwenye kadi nyingine tupu, na mashine haiwezi kujua ipi halisi na ipi bandia. Akiwa pia amekuchungulia ulipobonyeza namba ya siri, au ameficha kamera juu ya vitufe vya ATM, fedha zako amezipata.

Chipu ni kitu kingine kabisa. Ni kompyuta ndogo. Ndani yake umo ufunguo wa siri ambao hautoki nje, na kila unapolipa chipu huutumia kutengeneza alama mpya ya malipo hayo peke yake. Mwizi akiinasa alama ya leo, kesho haimfai. Wafaransa walilitambua hilo mapema, na kufikia mwisho wa mwaka 1992 kadi za benki za nchi yao zilikuwa zimepewa chipu. Baadaye makampuni ya Europay, Mastercard na Visa yalikubaliana juu ya kanuni moja, ndiyo maana chipu ya Kigali husomwa Nairobi na Brussels.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye mazoea ya kuuacha mstari uendelee kufanya kazi, kwa hoja kwamba huenda mteja akakutana na mashine ya zamani. Dunia imekwisha kuona matokeo ya mazoea hayo.

Uingereza ilianza kudai chipu na namba ya siri madukani kwa lazima Februari 2006. Kadi bandia zikakosa soko nyumbani. Wezi hawakuacha kazi. Walinakili mistari ya kadi za Waingereza na kwenda kuzitumia katika nchi ambazo mashine zake zilikuwa hazijabadilishwa. Hasara ya ulaghai uliofanywa nje kwa kadi za Uingereza ikapanda kutoka takriban pauni milioni 117 mwaka 2006 hadi zaidi ya milioni 200 mwaka 2007. Wizi ulivuka mpaka kama mfanyabiashara yeyote anayefuata soko.

Mfano wa pili unatoka barani mwetu. Tarehe 15 Mei 2016, kundi la watu nchini Japani waliingia katika maduka madogo ya mitaani wakiwa na kadi bandia zilizotengenezwa kwa taarifa za kadi za Standard Bank ya Afrika Kusini. Katika muda wa saa tatu hivi, kwenye mashine zaidi ya 1,400, walichota zaidi ya yeni bilioni 1.4. Benki hiyo ilikadiria hasara yake kuwa randi milioni 300. Kadi za wezi hao hazikuwa na chipu ya kughushi, kwani hawakuihitaji. Mashine zilizosoma sumaku ziliwatosha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapo waliouziba. Mwezi Januari 2011 benki za Ubelgiji zilizima matumizi ya kadi za kutolea fedha nje ya Ulaya, mpaka mwenye kadi aombe mwenyewe zifunguliwe. Anayesafiri huarifu benki, naye hufunguliwa. Asiyesafiri halali na mlango wazi kwa ajili ya safari ambayo hana. Ndugu waliorudi kutoka huko wanalijua jambo hili, na bila shaka wapo waliolalamika mashine ilipowakatalia hapa nyumbani. Usumbufu huo ni mdogo ukilinganishwa na kuikuta akaunti tupu.

Mastercard nayo ilitangaza mwaka 2021 kwamba mstari wa sumaku utaondoka. Kwa ratiba hiyo, kuanzia mwaka 2024 benki za sehemu kubwa ya dunia, Ulaya ikitangulia, hazikulazimika tena kuuweka. Kuanzia mwaka 2029 kadi mpya hazitakuwa nao, na kufikia mwaka 2033 usionekane tena, isipokuwa kwa baadhi ya kadi za kulipia kabla. Swali letu ni hili: je, sisi tungoje mpaka 2033? Tukiwa wa mwisho kufunga, tutakuwa ndio soko lililobaki kwa wezi waliofukuzwa kwingine.

Kwa hiyo tunazitaka benki zifanye mambo matatu.

Kwanza, mstari wa sumaku uzimwe kwa kila kadi yenye chipu, na ufunguliwe tu kwa ombi la mteja, kwa siku anazotaja na nchi anayokwenda. Hili halihitaji kadi mpya. Kompyuta ya benki huona malipo yanapoletwa kwa mstari ilhali kadi ina chipu, na inaweza kuyakataa.

Pili, swali la nani abebe hasara lijibiwe kwa maandishi, kwa lugha ambayo mteja anaielewa. Marekani ilichelewa sana kuhamia chipu, lakini ilipoweka kanuni Oktoba 2015 kwamba upande ambao haujajiandaa kwa chipu ndio utakaobeba hasara ya kadi bandia, benki na maduka yalijihimu. Katika maduka yaliyobadilika, ulaghai wa kadi bandia ulipungua kwa zaidi ya robo tatu katika muda wa miaka michache. Mama muuza vitenge hakuchagua mashine wala hakuandika mstari kwenye kadi. Si haki aambiwe athibitishe kwamba hakuwa Japani.

Tatu, mashine za miji ya mpakani zisiwe za mwisho kutengenezwa. Vumbi, umeme wa kukatika na mtandao wa kusuasua huzifanya zishindwe kusoma chipu, na hapo ndipo muuzaji husema, "Lete niipitishe upande huu." Maneno hayo ndiyo ufa wenyewe. Benki Kuu za nchi zetu, zinapokaa pamoja kujadili malipo ya kuvuka mipaka, ziliweke suala hili mezani kwa pamoja, kwa sababu nchi moja ikifunga na jirani akaacha wazi, wezi watavuka tu.

Wapo watakaosema kwamba chipu nayo haimalizi wizi. Hatubishi. Palipofungwa njia ya kadi bandia, wezi wengi walihamia kwenye ununuzi wa intaneti, ambako hutumia namba za kadi bila kadi yenyewe, na wengine hupiga simu wakijifanya maofisa wa benki. Lakini mwenye nyumba haachi kufunga dirisha kwa sababu mwizi anaweza kutoboa paa.

Wakati tunangoja benki zichukue hatua, wasomaji wetu wasikae mikono mitupu. Muulize mhudumu wa benki yako kama anaweza kuuzima mstari wa kadi yako. Omba upate ujumbe wa simu kila fedha zinapotoka, na uweke kiwango cha juu cha kutoa kwa siku. Usikubali kadi iondolewe machoni pako, na muuzaji akitaka kuipitisha mstari kabla hajajaribu chipu, mkatalie. Funika mkono unapobonyeza namba ya siri. Aliyetoka Marekani aulize kama kadi yake ya mkopo ina namba ya siri, maana kadi nyingi za huko zilitolewa zikitegemea sahihi. Na ukiona fedha zimetoka usizozitoa, piga simu benki saa hiyo hiyo, kisha peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri.

Wenye maduka nao wana wajibu. Mashine ikikataa chipu, mwombe mteja njia nyingine ya kulipa. Ukipitisha mstari na kadi ikaja kuonekana bandia, huenda deni likakurudia wewe.

Benki zilipotuletea chipu zilituahidi usalama. Tunaomba zikamilishe ahadi hiyo kwa kuufunga mstari mweusi sasa, kabla tarehe za makampuni ya ng'ambo hazijazilazimisha.