Kiraka Kisichofika Bugolobi

Wiki mbili kabla ya toleo hili kwenda mitamboni nilimsindikiza mama mmoja, jirani yangu, kununua simu. Duka liko hatua chache kutoka soko la Bugolobi, hapa Kampala. Simu ilikuwa mpya, boksi bado lina nailoni yake. Tulipoiwasha niliingia kwenye mipangilio, nikashuka hadi chini kabisa, nikasoma tarehe ya kiraka cha usalama. Kilikuwa cha mwaka mmoja na miezi minne nyuma. Nikabonyeza kutafuta sasisho. Simu ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba iko sawa, hakuna jipya.

"Ssebo, hiyo tarehe hakuna anayeiuliza," kijana wa duka aliniambia, kwa upole tu. "Wateja wanauliza kamera, betri na GB."

Jirani yangu akalipa. Jioni ile ile akahamishia humo laini yake, mobile money yake, na pamoja nazo ada ya watoto ya muhula mzima.

Toleo hili tumeliandaa kwa sababu ya tarehe ile.

Ndani ya kila simu kuna programu ambayo mtumiaji haioni hata siku moja: kiini cha mfumo endeshi. Kwenye Android kiini hicho ni Linux. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, ndicho kinachoamua nani aguse kamera na nani aguse maikrofoni. Programu ya tochi haisomi ujumbe wa benki kwa sababu kiini kimeikataza. Mwizi akishakishika kiini, hakuna tena wa kumkataza kitu.

Nitaeleza hitilafu moja kwa kirefu, maana hoja yetu yote imo humo. Kiini cha Android kina sehemu iitwayo Binder, inayopitisha ujumbe kati ya programu na programu. Novemba 2017 chombo cha Google kiitwacho syzkaller, ambacho kazi yake ni kukirushia kiini maombi ya kila namna mpaka kiyumbe, kilikuta kosa humo. Wapangaji wa Kampala watalielewa upesi. Mpangaji amehama, chumba kimepewa mtu mwingine, lakini yule wa kwanza bado anatembea na funguo. Kiini kilikuwa kinaachia kipande cha kumbukumbu, kisha sehemu yake nyingine inarudi kukitumia kana kwamba hakijaachiwa. Mjanja akiwahi kuweka vitu vyake ndani ya kipande kile, kiini kinavipokea kikidhani ni vyake chenyewe. Hapo mjanja amekuwa mwenye nyumba.

Februari 2018 kosa hilo lilirekebishwa. Ilikuwa mistari michache tu ya msimbo. Lakini halikupewa namba ya CVE, ile namba ambayo dunia nzima huitumia kufuatilia udhaifu, wala halikutajwa kwenye taarifa ya usalama ambayo Android huitoa kila mwezi. Simu zilizokwishatoka viwandani zikabaki na tundu lao. Mwishoni mwa Septemba 2019 Maddie Stone, mtafiti wa kikosi cha Project Zero cha Google, aliliripoti upya, kwa kuwa walikuwa wamepata habari kwamba tundu linatumika kushambulia watu, na kwamba shambulio lenyewe linasemekana kutumiwa au kuuzwa na kampuni ya NSO Group ya Israeli. NSO ilikanusha. Katika orodha ya simu zilizokuwa wazi mlikuwa na Pixel 2 ya Google wenyewe, Samsung S7, S8 na S9, na Redmi 5A ya bei ya chini. Ndipo kosa likapata namba, CVE-2019-2215, na kiraka kikatolewa Oktoba 2019.

Miezi 20 dawa ilikuwapo kabatini na wagonjwa hawakupewa.

Siwalaumu wanaoandika kiini. Kazi yao ni ngumu, na makosa mengine hujificha miaka mingi: lile lililoitwa Dirty COW lilikaa ndani ya Linux tangu 2007 hadi 2016. Tangu Februari 2024 wasimamizi wa Linux wamejitwalia wenyewe kazi ya kutoa namba za CVE, na sasa karibu kila rekebisho lenye harufu ya usalama linapata namba. Ni hatua njema. Tatizo linaanzia baada yao. Kiraka kikitoka kwao kinapita Google, kinapita kwa mtengeneza chipu, kinapita kwa mwenye chapa ya simu, na kila mmoja ana uwezo wa kukilaza. Kikivuka wote hao bado kinamsubiri mteja anunue bando. Na tangu Julai 2021 data nchini Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Mama yule hatatumia MB mia kadhaa kwa kitu ambacho simu yake haijamwambia kina faida gani.

Wapo watakaosema mambo ya NSO ni ya wakubwa. Ni kweli waliolengwa hapa walikuwa wakubwa. Desemba 2021 Reuters iliripoti kwamba simu za iPhone za wafanyakazi wasiopungua tisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au waliokuwa wakishughulikia mambo ya Uganda, zilidukuliwa kwa chombo cha NSO. Siku chache kabla, Norbert Mao, kiongozi wa chama cha Democratic Party cha Uganda, alitangaza hadharani kwamba Apple imemtumia onyo kuwa simu yake inalengwa. Tundu lililohusika na simu za Wamarekani halikuanzia kwenye kiini. Lilikuwa katika kusoma picha, na Apple ilitoa kiraka chake tarehe 13 Septemba 2021. Tazama tofauti lakini. Siku hiyo hiyo mwenye iPhone wa Bugolobi aliweza kukipakua sawa na mwenzake wa Washington. Jirani yangu na simu yake ya bei nafuu hana siku kama hiyo. Kwake kinga imegeuka kuwa mali ya mwenye nacho, na hilo ndilo linaloniuma.

Nchi nyingine zimeshaamua. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inamlazimu mtengenezaji aseme wazi simu yake itapata viraka mpaka lini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka masasisho ya miaka isiyopungua mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Nimeambiwa kwamba masharti kama ya Ulaya yatapandisha bei na kuwasukuma watu kwenye simu za magendo. Hofu hiyo naiheshimu. Umaskini wetu si wa kubuni. Ndiyo maana hatuombi miaka mitano. Tunaomba wino.

Tume ya Mawasiliano ya Uganda ina jengo lake papa hapa, Spring Road, Bugolobi. Ndiyo inayoidhinisha aina za simu kabla hazijauzwa nchini, na ina kikosi chake cha kushughulikia dharura za kimtandao. Mamlaka ya kuanza inayo. Ndani ya toleo hili utasoma jinsi kiraka cha kiini kinavyoandikwa na kupimwa, na utawasikia mafundi wa simu wakieleza wanachokikuta mezani kila siku. Yasome yote, lakini kabla hujafungua ukurasa unaofuata, fungua mipangilio ya simu yako uitazame tarehe ya kiraka. Nasi tunaiomba Tume jambo moja: hakuna simu ipewe idhini ya kuuzwa Uganda bila tarehe ya mwisho ya viraka vyake kuchapwa juu ya boksi, kando ya kamera, betri na GB.