TUMHESHIMU DAKTARI NG'ENDO MWANGI



Wengi wetu wa Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, hata ndugu zetu wa Kitui ambao garimoshi haliwafikii nyumbani, tumepita Athi River mara nyingi. Wachache wajua kwamba hapo alifanya kazi Daktari Florence Ng'endo Mwangi, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa daktari wa hospitali. Alifariki mwaka 1989. Twaona haya kwamba jina lake latajwa ng'ambo kuliko katika vituo vyetu.

Ujanani mwake Kenya haikuwa na chuo cha kufundisha madaktari. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza udaktari mwaka 1967, na ufamasia mwaka 1974. Basi alikwenda Marekani, akamaliza chuo cha wanawake kiitwacho Smith mwaka 1961, kisha akasomea udaktari huko huko. Angeweza kukaa kule akala mshahara mnono. Alirudi, akafungua kliniki Athi River, akawatibu Wamaasai na watu wengine wa pale waliokuwa mbali na daktari. Mwaka 1973 chuo cha Smith kikaipa jina lake nyumba ya utamaduni ya wanafunzi weusi.

Sisi nasi twajua kumheshimu mwanamke. Bibi Syokimau, mwaguzi wa Wakamba, husimuliwa kwamba alimwona nyoka mrefu akitoka baharini kabla reli haijajengwa, na tangu 2012 kuna stesheni yenye jina lake. (Kama sisi ni watoto wa nyoka yule, baba yetu ni bahili.)

Lakini ubao wa stesheni haugawi dawa. Makambini mwetu mgonjwa wa malaria hununua vidonge viwili vitatu, homa ikipungua anaacha, na muuzaji hamwambii kwamba dozi haikwisha. Mama mja mzito huuziwa dawa bila kuulizwa hali yake. Mtu aliyesomea dawa angeuliza. Na huyo mtu hatumpati, kwa maana binti zetu wakifaulu kemia twawaambia wangoje, mvulana kwanza. Akina baba, mnangoja nini? Binti akishaolewa hamtamrudisha darasani.

Mwaka 2016 serikali ya Makueni ilianza mpango wa jamaa kulipa shilingi 500 kwa mwaka wapate kutibiwa. Ulikuwa mpango mwema, nasi tuliusifu. Hata hivyo kadi ya matibabu yataka mtu anayejua kazi nyuma ya dirisha la dawa.

Siku hizi binti hana haja ya kuvuka bahari. Chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC kina matawi Kitui na Makindu. Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mwanachama wa tawi atoe shilingi 20 kwa mwezi, ziwekwe katika mfuko wenye jina la Daktari Ng'endo Mwangi, zisaidie karo ya binti anayetaka kusomea dawa au uuguzi. Waanze mabinti wa wajane na wa watu wa magenge ya njia. Sisi makarani na madereva tungoje zamu yetu.

Wenye mabinti waliomaliza shule walete hati za mtihani kwa mwandishi wa tawi kabla ya mkutano ujao. Asiyekubali mchango huu aje aseme mkutanoni, siyo hotelini kwenye chai.