Richard Williams Hakuibiwa Peke Yake

Kila tunapozungumzia filamu za katuni, wenzangu hunisimulia kisa kilekile: Richard Williams, mchoraji mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi London, alihangaika miaka 28 na filamu yake The Thief and the Cobbler, kisha wenye fedha wakamnyang'anya. Eti msanii alidhulumiwa na watu wa mahesabu. Nusu ya kisa hicho naikubali. Nusu nyingine naikataa kabisa.

Alianza mwaka 1964, ikiwa filamu ya hekaya za Mulla Nasruddin, ambaye sisi tunaosoma Kiswahili tungemwita ndugu yake Abunuwasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aligombana na akina Shah waliomletea hekaya hizo, na Nasruddin akaondolewa. Mtu mwingine angeketi apange hadithi mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Williams aliendelea kuchora. Alitaka michoro 24 kwa kila sekunde, ilhali wengi hutosheka na 12. Dakika moja tu ya mhusika mmoja ni michoro 1,440, yote kwa mkono! Ni kazi ya kustaajabisha, sibishi. Lakini miaka ilipita akizipamba sehemu alizozipenda huku mpangilio wa hadithi nzima ukisubiri. Mimi naona hapo palikuwa na hofu ya kumaliza, na sisi tunaiita ukamilifu kwa heshima tu.

Gharama ya kusubiri huko ililipwa na nani? Ken Harris, aliyemchora yule mwizi, alifariki mwaka 1982. Grim Natwick akafuata mwaka 1990, na Art Babbitt mwezi Machi 1992. Hawa walikuwa magwiji wa Hollywood ambao Williams mwenyewe alijifunza kwao. Walimpa ujuzi wa uzeeni mwao, na hakuna hata mmoja aliyeiona filamu imekwisha. Mbona hatuwalilii?

Sifa za Who Framed Roger Rabbit, mwaka 1988, zilimletea fedha na mkataba wa Warner Bros. Muda wa mkataba ukapita. Mei 1992, zikiwa zimebaki takriban dakika 15, kampuni iliyodhamini ukamilishaji ikaichukua kazi.

Yaliyofuata ndiyo nusu ninayoikubali. Walikata matukio, wakabandika nyimbo, na mwizi na mshona viatu, ambao uzuri wao wote ulikuwa katika kunyamaza, wakajazwa maneno. Ilipofika Marekani mwaka 1995, Aladdin ya Disney ilikuwa imetangulia kwa karibu miaka mitatu, na waliochelewa wakaonekana waigaji. Huo ulikuwa uharibifu, na waliofanya hivyo hawana udhuru.

Mwaka 2013 Williams alionyesha Los Angeles nakala ya kazi yake jinsi ilivyokuwa siku aliponyang'anywa, pamoja na mapengo yake. Harris alikuwa na miaka 31 kaburini.