Lori Lako, Deni Lako, Faida Yao

Wasee, kampuni moja ya uchukuzi Mombasa ilimwambia anko wangu: ukitaka kubeba mizigo yetu, leta lori lako, leseni ya CE, bima ya mzigo na uzoefu wa miaka 5 njia ya Malaba. Sawa, anavyo vyote. Sasa uliza malipo. Siku 60 baada ya kurudisha karatasi zenye mhuri. Sitini!

Dizeli ya zaidi ya kilomita 900 mpaka Malaba, nani ananunua? Yeye. Tairi ikipasuka Voi? Yeye tu. Tanboi lazima ale, na benki haijui mambo ya siku 60, inataka yake kila mwisho wa mwezi. Foleni ya mpaka ikimlaza siku nne, hizo hakuna anayezihesabu.

Mtasema kampuni pia inangoja kulipwa na mwenye mzigo. Basi ingoje na pesa zake, si za anko. Unamkopa mtu bila riba halafu unamuuliza uzoefu? Nyinyi mna uzoefu wa miaka mingapi wa kulipa kwa wakati? Toeni nusu siku ya kupakia, ndio muitishe hizo karatasi zenu.