Herufi za Vidoti
Kioo cha Nokia 3310, simu iliyotoka mwaka 2000, kilikuwa na vidoti 84 kwa 48 tu, na bado mama mmoja wa kijijini Masama aliusoma vizuri, kihambani, jua likiwaka, ujumbe wa mwanawe aliye Dar es Salaam. Herufi zilijengwa kwa miraba midogo, kama neno “Karibu” linavyodariziwa kwenye kitambaa cha kochi, nyuzi zikihesabiwa moja moja. Mbunifu Susan Kare alichora hivyo hivyo herufi za kompyuta ya Macintosh ya 1984. Mwandiko huo naupenda kwa dhati. Unafaa bango, fulana, jina la duka. Aya ndefu hauiwezi, na ukipunguzwa sana hausomeki. Wabunifu wa Moshi, uandikeni mkubwa, kingo zikatike sawasawa, na msiisahau ritifaa ya neno “ng’ombe”.