Mafunzo ya usalama wa kamera: muteja wa kwanza ni fundi



Siku hizi kamera ziko kila pahali mu muji wetu wa Butembo: ku duka la dawa, ku depo, ku mulango wa kanisa, hata mu nyumba za watu wa kawaida. Wafanya biashara wetu wanazitoa Dubai na Guangzhou, zinafika pamoja na nguo na vipuri vya pikipiki. Fundi anapanda ngazi, anafunga kamera, anaweka picha mu simu ya mwenye nyumba, analipwa, anaenda. Na neno la siri? Mara mingi linabaki lile lile lenye lilitoka ku kiwanda.

Sasa kuko watu wenye kuuza mafunzo ya usalama wa vyombo vyenye intaneti, yaani kamera, ruta, televisheni na vingine. Unasomea ku mutandao. Ni kitu kizuri. Lakini angalia yanaita nani: mainjinia, wakubwa wa benki, viongozi wa kampuni. Bei iko mu dola, masomo mu Kiingereza ao Kifaransa, na video ndefu zenye kumaliza mega zote. Sisi vijana tunasema wazi: wanatafuta muteja pahali hayuko.

Kusudi wamujue muteja wa kweli, wajiulize maulizo matatu. Nani anagusa chombo siku ya kwanza? Nani analipa? Nani ataumia kama adui ameingia? Anayegusa ni fundi. Anayelipa ni mwenye duka ao mwenye nyumba. Anayeumia anaweza kuwa muji muzima. Wauzaji wa mafunzo wanaangalia tu mwenye makuta, wanamusahau mwenye kushika bisibisi.

Hii haiko hadithi. Mwaka 2016, programu moja mbaya inayoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwanda, karibu 60 tu. Na hayo machache ilikamata kamera na ruta nyingi sana duniani. Tarehe 21 Oktoba 2016 vyombo hivyo vilipiga kampuni Dyn ya Marekani, na mitandao mikubwa ikakosa kufunguka. Mwaka ule ule, kampuni ya simu Lonestar ya Liberia nayo ilipigwa, wateja wake wakaona intaneti inakatika. Mwenye kufanya ile kazi, Mwingereza Daniel Kaye, alikuwa amelipwa na mukubwa wa kampuni shindani. Mwezi wa kwanza 2019 tribinali ya London ilimufunga miaka 2 na miezi 8. Wenye zile kamera hawakujua hata kidogo kama vyombo vyao vilitumiwa.

Hapa kwetu hatari iko karibu zaidi. Mu muji pahali watu wanavamiwa usiku, mutu mwenye kuona kamera yako kutoka mbali anajua saa unatoka, saa unahesabu makuta, na nani analala ku nyumba. Kamera uliinunua ikulinde, kumbe inakuchunguza.

Watasema: fundi hana makuta, tena hakusoma mambo ya kompyuta. Lakini fundi iko na simu, na kila siku anajifunza ku WhatsApp kwa wenzake. Njo pahali pa kumutafuta. Mupe masomo mafupi ya sauti, mu Swahili, yenye kula mega kidogo. Alipe polepole kwa M-Pesa ao Airtel Money. Na masomo ya kwanza yawe manne tu: kubadilisha neno la siri, kutotumia neno moja kwa wateja wote, juu simu yake ikiibiwa nyumba zote zitakuwa wazi, kufunga njia za kuingia kutoka mbali zenye hazina kazi, na kuweka programu mupya ya chombo.

Muteja wa pili ni mwenye kuleta kamera. Uingereza, toka tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vyombo vya namna hii vyenye neno la siri moja la kiwanda kwa vyote. Kongo nayo iko na Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023. Lakini sheria haipande ngazi kufunga kamera. Fundi njo anapanda.

Kwa hiyo tunaomba:

Wenye kuuza mafunzo washuke ku soko, waongee na mafundi mbele ya kupanga bei.

Wafanya biashara na FEC wachangie kulipia mafundi wenye kufunga mali yao. Ni bei ndogo kuliko duka lenye kuibiwa.

INPP iweke somo hili mu mafunzo ya umeme.

Na wewe mwenye nyumba, fundi akimaliza kazi, usimulipe mara moja. Mwambie: "Ndugu fundi, tubadilishe neno la siri pamoja, niliandike mimi mwenyewe." Akishindwa, haijaisha kazi.