Kiinimacho cha Karata na Pesa za Mpiga Ramli

Twaulizwa sana na wazazi siku hizi: kijana amejifunza kwenye simu kiinimacho cha karata. Humwambia mwenziwe achague moja, aitazame, airudishe, kisha huitoa ile ile. Je, hii si sihiri? Na yule aliyekwisha kumchapa mwanawe kabla ya kuuliza hutaka tumwambie tu kuwa amefanya vyema.

Hatumwambii. Kwanza na ajue alichomchapia. Anayeanza hufundishwa hila hii: kabla ya kusema neno, huichungulia karata ya chini kabisa, tuseme ree ya shupaza. Aliyechagua huirudisha yake juu ya fungu. Fungu likikatwa, nusu ya chini ikawekwa juu, ree ya shupaza huja ikailalia ile iliyochaguliwa. Likatwe tena na tena, zile mbili zafuatana tu. Kisha huzifunua moja moja kutoka juu. Ikitoka ree, inayofuata ndiyo. Hapana jini hapo wala uvumba. Pana jicho lililochungulia na ulimi uliowashughulisha watu. Imam Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria, alipozipanga aina za sihiri katika tafsiri yake, aliieleza hii mbali: mwenye hila huyashughulisha macho ya watu kwa jambo moja, na mkono wake ukatenda jingine upesi.

Wala hatufichi kwamba Imam Nawawi, katika utangulizi wa Al-Majmuu, ameihesabu shaabadha, yaani hicho kiinimacho, katika elimu za haramu pamoja na unajimu. Sisi ni Mashafii, na kauli hiyo twaichukua. Kijana akitaka kuifanya kazi, ale pesa za watu kwa kuwazuga, au akijidai ana kitu, tutamkataza. Na akiweka hata shilingi moja juu ya karata, hiyo ni kamari na maneno yamekwisha. Lakini kuijua hila ili usighilibiwe ni jambo jingine. Katika karne ya 7 Hijria, Al-Jawbari wa nchi ya Sham aliandika kitabu kizima cha kufichua hila za matapeli, wakiwamo waliojivika kilemba cha usheikh.

Sasa twamgeukia baba mwenye fimbo. Nyumbani mwake huyo huyo, mkufu wa dhahabu ukipotea, huitwa nani? Mpiga ramli! Huyu atatoa msumari ndani ya yai, na sindano katika mwili wa mgonjwa, na watu wa nyumba watatetemeka, wampe kuku, kitambaa na noti. Nao msumari alikuja nao mkononi. Kijana aliyesema, "Ni hila tu, baba," kachapwa. Mzee anayedai kuijua ghaibu kaandaliwa chai na mahamri. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa amwendeaye mpiga ramli kumuuliza jambo haikubaliwi sala yake siku arubaini. Ni nani basi anayestahiki fimbo katika nyumba hii?

Msiba hauishii kwenye kuku. Baada ya msumari hutajwa jina: shangazi, jirani, kikongwe wa nyumba ya tatu. Hapa hapa pwani, huko Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Uingereza, mwaka 1584, Reginald Scot alichapisha kitabu kilichoeleza hila za karata, sarafu na visu, kwa kuwa watu walikuwa wakiuawa kwa tuhuma kama hizo. Yeye si Muislamu, na aliliona. Sisi tunaosoma kila juma habari za kamba za wachawi wa Firauni, mbona hatulioni?

Basi kijana na aitwe baada ya Isha, nyumba nzima ikae, na bibi naye awepo. Aionyeshe hila yake mara moja, kisha aifungue polepole, mara ya pili na ya tatu, mpaka mdogo wake naye aweze. Karata ziwekwe. Na mpiga ramli akija tena, kijana huyo na aketishwe karibu naye, upande wa ule mkono anaouficha.